Nani Kakalia Kigoda cha Kilabu?

Mfyuu! Nimesonya mpaka jino la juu likauma. Juzi jioni, hapa kijiweni kwetu Kasense, baridi ya Juni imetukalia mabegani na kila mtu kavaa koti la mtumba juu ya sweta, kijana mmoja wa bodaboda, kajikalia zake kigoda karibu na moto wa mabunzi, akanyoosha kidole kule kwenye banda la bati linalofuka moshi. Akasema: "Kile kilabu kimepata mwenyewe mpya."

Mwenyewe mpya! Wazee wawili walicheka mpaka kikohozi kikawashika. Maana habari hiyo mimi nimeisikia tangu nikiwa natumwa dukani kununua kiberiti. Kilabu kimepata mwenyewe mpya: bati limepakwa rangi, benchi limepigwa misumari, bei ya kopo imepanda. Halafu ukiingia ndani unamkuta mama yule yule, kainamia pipa lile lile, anakung'uta chujio lile lile, anakutazama kwa jicho la mtu anayekumbuka deni lako la mwezi wa pili.

Basi ukazuka ubishi. Kilabu cha pombe ni cha nani hasa? Fundi baiskeli akasema ni cha serikali, kwani ndiyo inayokuja na kitabu cha stakabadhi. Mzee wa mkongojo akasema ni cha kijiji. Akakumbushwa kwamba Kasense ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, mambo ya kijiji yamekwisha, siku hizi ni mitaa. Akajibu kwamba mahindi yaliyo nyuma ya choo chake bado hayajaletewa barua hiyo. Bodaboda naye kang'ang'ania: mwenye bati ndiye mwenye kilabu. Nikawaambia ngojeni kwanza, nyinyi mnazungumzia paa, na pombe haijawahi kupikwa na paa.

Sisi watu wa uwanda huu, habari za viti na wanaovikalia tulitakiwa tuwe maprofesa. Si hapo Milanzi tu, jirani zetu, ndiko simulizi kubwa la Ufipa linakoanzia? Wazee wanasema Ntatakwa, mtawala wa Milanzi, alikuwa ametoka nyumbani. Huku nyuma wakafika wanawake watatu wageni, wametoka mbali, kaskazini. Wakakaribishwa kama wageni wanavyokaribishwa, nao wakakalia kigoda cha mwenye nyumba. Aliporudi, mambo yalikuwa yamekwisha. Kwao hao ndiko walikotoka watawala wa ukoo wa Watwa, na baadaye Ufipa ikawa nchi mbili, Nkansi na Lyangalile. Milanzi wakabakiwa na heshima ya mambo ya mila, amri ikaenda kwa wageni. Roy Willis, Mwingereza aliyekuja kuishi na Wafipa miaka ya 1960, alilichambua simulizi hilo kwa marefu na mapana, na kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu dola ya zamani ya Ufipa kimelibeba kama nguzo ya nyumba.

Sasa lichukue simulizi hilo, ligeuze miguu juu. Hiyo ndiyo historia ya kilabu. Mwenye kigoda ni mwanamke, na wageni wanaokuja akiwa ameshughulika mtoni au jikoni ni wanaume wenye karatasi.

Zamani kilabu hakikuwepo. Pombe ilikuwepo. Ulezi ndio uliokuwa roho yake. Mama analoweka ulezi, anaufunika mpaka uchipue, anauanika, anausaga, hapo amepata kimea. Anapika uji, anauacha upoe, anatia kimea, anafunika, anasubiri. Kati ya siku ya kuloweka na siku ya kualika watu zinapita siku nyingi, na katika siku hizo kuna kuni za kukata, maji ya kuteka, jiwe la kusagia, na mume anayepita kila baada ya nusu saa kuuliza kama imeiva. Msimwulize nani alimlipa. Siku ikifika, watu wanakwenda kwa aliyepika. Leo nyumba hii, kesho ile pale ng'ambo ya kijito. Ukiniuliza kilabu kilikuwa wapi, nitakwambia kilikuwa kinatembea. Kilihamia kila siku kwa mwanamke ambaye chungu chake kimeiva.

Na hiyo pombe haikuwa ya kukaa tu na kupiga domo. Wenzetu wa kilimo wanapenda kuwaonyesha wageni matuta ya Kifipa, intumba: yale ya mviringo, nyasi zinafukiwa chini ya udongo zioze ziwe mbolea, mwaka unaofuata unapanda juu yake. Ni ujuzi mkubwa, sikatai. Lakini jaribu kuinua matuta ya shamba zima peke yako na jembe la mkono, uone kama kesho utaweza kufunga kifungo cha shati. Watu waliitana, wakalima pamoja, na jioni kilichowangoja kilikuwa chungu. Nani basi aliyelima shamba lile? Wanaume kumi na tano wenye majembe, au mama aliyeanza kuloweka ulezi wiki nzima kabla yao? Hata yale majembe, chuma chetu wenyewe kilichoyeyushwa katika tanuru za udongo ambazo mabaki yake bado yanaonekana huku na huko Ufipa, yalihitaji watu wengi, na watu wengi wanahitaji kinywaji.

Mzee wa mkongojo hapa akaingilia. Akasema nisisahau ile ya mirija. Sijasahau, Mzee wangu. Katika ukanda huu wa kusini magharibi kuna pombe ya ulezi isiyomiminwa kwenye kikombe. Machicha yake yanabaki chunguni, yanamwagiwa maji ya moto, watu wanakaa kwa duara, kila mmoja na mrija wake. Upande wa Mbeya ni kimpumu, na ukivuka mpaka kwenda kwa ndugu zetu Wabemba wa Zambia, dada yake anaitwa katubi. Kwa baridi hii ya kwetu, kinywaji cha moto kinachonywewa kwa kukaribiana ni akili ya mtu aliyewahi kupigwa na upepo wa Julai. Angalia na jambo jingine: chungu cha mirija hakina meza ya kaunta. Hakuna anayesimama kati yako na pombe. Huwezi kuweka mpangaji hapo.

Kaunta ililetwa na ukoloni.

Wadachi walijenga boma lao kule chini ziwani, Kasanga, wakaliita Bismarckburg. Waingereza walipochukua nchi, makao ya wilaya yakawa huku juu Sumbawanga. Katika habari za pombe, wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekwisha kukaa Brussels mwaka 1890 na kuwekeana vizuizi vya kuingiza vinywaji vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, wakarudia tena mwaka 1919 kwa mkataba wa Saint-Germain. Ukisoma utadhani walikuwa wanatuhurumia. Walichokiogopa ni mfanyakazi asiyeamka asubuhi. Matokeo yake pombe zikagawanyika kwa rangi: chupa ya Mzungu ikawa ya Mzungu, na kwa miaka mingi mwenyeji hakuruhusiwa kuigusa ila kwa kibali. Ya chungu ikabaki kwetu. Hiyo ya chungu nayo haikuachwa hivi hivi. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, ile ya zama za Gavana Donald Cameron, iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri juu ya mambo kadha wa kadha, na upikaji wa pombe ulikuwa mojawapo. Lini ipikwe, wapi inywewe, nani apewe ruhusa. Mwene, yaani chifu wa Kifipa, aliyekuwa akipelekewa chungu kwa heshima, sasa akawa na karani wa kuandika nani kapika.

Haya hayakuanzia kwetu. Kule Durban, Afrika Kusini, walitunga njia ambayo wakoloni wengine waliitazama kwa kijicho. Kwa sheria ya Natal ya mwaka 1908, manispaa ikajitwalia yenyewe haki ya kupika na kuuza pombe ya Kiafrika, mwanamke anayepika kwake akawa mhalifu, na faida ikatumika kuendesha mambo ya Waafrika mjini: mabweni, ofisi, na bila shaka mshahara wa askari wa kumkamata huyo huyo mwanamke. Yaani unakunywa, pesa yako inamlipa anayekuja kumwaga pombe ya mama yako. Nairobi wakaiga, wakafungua kilabu cha manispaa Pumwani miaka ya 1920. Wanawake wa Durban walivumilia nusu karne, halafu Juni 1959, kitongojini Cato Manor, wakaingia wenyewe katika kilabu cha manispaa, wakawatimua wanaume waliokuwa wanakunywa, wakamwaga pombe chini. Nikiwasimulia hapa kijiweni, wanaume wote wanatazama chini kama vile ni wao waliotimuliwa.

Kwetu vijijini mambo yalikuwa ya upole zaidi. Mamlaka haikupika, ilitoza. Mama akaambiwa: pika, ila leta pale tunapoona, na ulipe. Hapo ndipo banda lilipozaliwa, na banda likapewa jina.

Hilo jina nalo lina kichekesho. Waingereza walikuwa na klabu yao penye boma, ya kunywea wiski jua likizama na kulalamikia joto, hata huku Ufipa ambako joto lenyewe hakuna. Banda letu likapewa jina hilo hilo, kama mtoto wa maskini aliyepewa jina la gavana. Kiswahili hakina simile: kikaona hiyo "ki" ya mbele, kikasema huyu ni wa kwetu, ngeli ya kiti na viti. Kilabu, vilabu. Halafu wahuni wakakata mzizi wakaupandikiza upya, wakapata ulabu: fulani kapiga ulabu. Leo Simba na Yanga ni klabu, hazina irabu kati ya k na l na zina ofisi. Ukitia ile "i" moja tu, umeshuka mpaka kwenye machicha. Irabu moja, tofauti ya tabaka.

Uhuru ukaja. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa, na karani aliyekuwa akimwandikia mwene akaanza kuiandikia halmashauri. Kitabu kilibadilika jalada. Mwaka 1968 ikatungwa Sheria ya Vileo, yenye leseni, bodi za kutoa leseni, na saa za kufungua na kufunga. Miaka miwili kabla yake kulikuwa na sheria nyingine iliyoshughulikia moshi, lile jina la heshima ambalo watunga sheria walilichagua kuita gongo. Moshi wa kiwandani ukapata njia, ukavaa chupa na lebo. Wa kichakani ukabaki uhalifu. Msijifanye hamjui harufu yake, nawaona.

Halafu Azimio la Arusha, 1967. Watu wanalikumbuka kwa mabenki na viwanda. Mimi nalikumbuka kwa kipande kimoja ambacho wanaume huruka wakisoma. Azimio linasema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu yeyote katika nchi hii, na kwamba nguvu za mamilioni ya wanaume wa vijijini zinapotelea katika porojo, ngoma na ulevi. Mwalimu Nyerere hakutuzunguka. Kilabuni palikuwa na jinsia zote mbili za sentensi ile: wa kwanza anachochea moto, wa pili anangoja kopo. Ila Azimio halikuuliza huo ulevi wa wanaume ni ajira ya nani. Kule jikoni ndiko ilikotoka ada ya shule, sare, chumvi, mafuta ya taa. Mwanamke asiye na ng'ombe, asiye na shamba kwa jina lake, aliyefiwa au aliyeachwa, alikuwa na debe la ulezi na mikono miwili. Ukiifunga pombe, unamfunga yeye kabla ya kumfunga mlevi. Mlevi atatembea mpaka kijiji cha pili.

Toka hapo wenye kilabu walibadilishana kama abiria wa kituo cha basi. Mwaka 1972, kwa jina la Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikafutwa. Mwaka 1974 ukazaliwa mkoa wetu wa Rukwa. Mwaka 1975 ikaja sheria ya kuandikisha vijiji, na kijiji kikawa mtu mzima, chenye haki ya kumiliki, kushtaki na kufanya biashara. Duka la kijiji, mashine ya kusaga ya kijiji, kilabu cha kijiji. Mzee wa mkongojo hapo alipiga fimbo chini: "Si nimewaambia? Cha kijiji!" Naam, Mzee, kwa miaka hiyo una haki. Lakini mwaka 1982 sheria za serikali za mitaa zikarudisha halmashauri, nazo zilirudi na njaa ya mtu aliyekaa nje miaka kumi. Walipotafuta chanzo cha mapato kisichoweza kukimbia, wakaliona banda. Mkulima anaweza kuficha gunia, mfugaji anaweza kuhamisha ng'ombe usiku. Walevi hawajifichi, wanaimba.

Na katikati ya hayo yote ulezi wenyewe ukasogezwa kando. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima kupitia NMC, shirika lake la usagishaji, awe mkulima wa Kibaha au wa huku mwisho wa barabara. Kwa Rukwa hiyo ilikuwa kama bahati nasibu, maana gharama ya kuyasafirisha mpaka Dar es Salaam haikuwa juu yetu. Tukalima. Tukaingia katika ile mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Lakini kununuliwa ni jambo moja, kufikiwa na lori ni jambo jingine. Gunia likikaa muda mrefu bila lori, mama analitazama kwa jicho jingine. Komoni inataka unga wa mahindi, kimea cha ulezi kidogo cha kuichangamsha, na pipa. Hivyo chungu kikawa pipa la mafuta lililooshwa, mrija ukawa kopo, na pombe iliyokuwa ikinywewa kwa duara ikaanza kunywewa kwa mstari. Akaingia mjini mama pima. Jina lenyewe linakwambia yote: anapima. Kilichokuwa cha kualikana kimepata kipimo, na kipimo kikishakuwepo, mwenye kitabu cha stakabadhi anajua pa kuanzia hesabu.

Kijana wa bodaboda akauliza, je bia? Bia haikuwepo?

Wewe kijana ulizaliwa na kreti mlangoni. Safari imeanza kuuzwa mwaka 1977, na haikuchukua muda nchi ikaingia katika uhaba wa kila kitu. Sabuni, sukari, soda, bia, vyote kwa kibali na kwa kujuana. Mwaka 1983 ndio ule wa vita vya wahujumu uchumi na wa Nguvu Kazi, mtu akikutwa hana shughuli anatakiwa ajieleze. Kreti la bia likifika Sumbawanga lilikuwa habari, na arusi iliyopata makreti matatu ilikumbukwa mpaka mtoto wa arusi ile alipoanza shule. Wakubwa waliodharau kilabu walijikuta wanatuma mtoto na ndoo iliyofunikwa kitambaa. Ndoo inapita nyuma ya ofisi, inarudi nzito. Hiyo miaka hakuna aliyemwita mama pima mchafu.

Pombe ya kienyeji iliyovaa suti nayo ilikuwepo: Chibuku. Watu wanadhani ni ya kwetu, na wengine wanadhani ni ya Wazimbabwe. Ilianzia hapo ng'ambo tu, Kitwe, Zambia, ilipokuwa bado Rhodesia ya Kaskazini. Max Heinrich, mzungu mpika pombe, alikuwa akiandika kila pishi katika daftari, na kutokana na hilo buku ndipo jina likapatikana. Mfyuu! Mama zetu wamepika miaka mia mbili bila daftari, hakuna pombe iliyoitwa Kichwa.

Mwaka 1993 serikali iliuza nusu ya kampuni ya bia kwa Wasauzi, chupa zikaanza kuonekana. Hata hivyo kwa Sumbawanga zilikuja taratibu, kwa sababu barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa ile mliyoijua wengine, ya kulala njiani masika. Lami ilipokamilika katika muongo uliopita, kwa fedha za Wamarekani wa Changamoto za Milenia, lori la bia likaanza kufika limejaa na chupa zote nzima. Mimi naihesabu lami ile kuwa ndiyo mwenye kilabu mwingine, tena mkali kuliko wote waliotangulia. Haikutoza senti. Ilileta tu baa, jokofu, spika kubwa kama kabati, na kitimoto cha kukaanga na ndizi. Vijana wakahama. Kilabuni wakabaki wazee, vibarua, na wale wa mwisho wa mwezi, yaani sisi sote ikifika tarehe ishirini.

Katikati hapo vilipita viroba. Vile vipakti vya plastiki vya pombe kali, bei ya maandazi mawili, vinaingia mfuko wa sare ya shule. Hivyo havikuhitaji kilabu, wala mama, wala benchi. Mtu ananunua dukani, anang'ata pembe, anamaliza akiwa anatembea. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, Waziri Mkuu akiwa Kassim Majaliwa, na katika marufuku zote za vileo nilizozisikia, hiyo niliiunga mkono kwa mikono miwili. Sababu yangu si ya kiafya peke yake. Kiroba kilikuwa pombe isiyo na mtu wa kukuambia basi. Mama wa kilabu ana ulimi. Akiona umezidi atakunyang'anya kopo mbele za watu, atakutajia jina la mkeo na idadi ya watoto, na atamtuma kijana akusindikize. Hiyo huduma haimo katika leseni yoyote.

Na siku hizi? Siku hizi kuna uzabuni. Sitataja mahali, kwa sababu nawaonea haya waliohusika na wengine tunasali nao, lakini najua kilabu kimoja kilichotangazwa zabuni kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni, kwa herufi ndogo, ndani ya siku chache, na akina mama waliokuwa wakipika pale miaka nenda rudi walikuja kujua walipoona mtu kasimama mlangoni na mkoba. Mzabuni akakusanya kwa kila pipa, kila siku, pipa lijae au lisijae. Nikamwuliza choo kiko wapi. Akanionyesha migomba. Nikamwuliza paa linalovuja. Akasema hiyo ni kazi ya wenye kilabu. Nani? Akafikiri sana yule bwana. Mpaka leo anafikiri.

Ndiyo maana nawaambia kwamba swali alilolizusha bodaboda si la kipuuzi. Mwene alikuwa mwenye kilabu ilipofika siku ya kupokea. Halmashauri ikawa hivyo hivyo, kijiji hivyo hivyo, mzabuni hivyo hivyo. Siku bati linapong'oka na upepo, wote hao wanakuwa wapita njia. Kwenye makabrasha ya hao wote utakuta namba ya leseni, kiasi cha ushuru, jina la mzabuni. Jina la aliyeloweka ulezi hulikuti popote. Ameandikwa "wapishi", kwa wingi, kama kuni.

Fundi baiskeli akaniuliza kama nadhani akina mama wenyewe wangekiendesha vizuri zaidi. Sijui kuhusu vizuri, Fundi. Nawajua wawili ambao wangeuana kwa ugomvi wa nani aanze kuuza Jumapili baada ya misa. Lakini angalau wangegombania kitu wanachokipika.

Tulikuwa hapo hapo, moto umeanza kuwa majivu, mama akatoka bandani kwake. Khanga mbili, sweta la kijani, masizi mpaka kwenye viwiko. Wote tukaamkia, "Shikamoo mama," hata mzee wa mkongojo alijisahau akaamkia naye, na mama akaitikia bila kututazama. Bodaboda, kwa kuwa alitaka kumaliza ubishi, akamwuliza: "Mama, hivi hiki kilabu ni cha nani?"

Mama akasimama. Akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Sijui mwanangu. Ila hicho kigoda ulichokalia ni changu. Nimekitafuta toka saa tisa."

Kijana akainuka upesi, akakipangusa kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili. Mama akakipokea, akakitia kwapani, akageuka kurudi kwenye moshi wake. Hatua tatu, akasimama tena. Safari hii alikuwa ananitazama mimi.

"Nawe, baba. Ile ya mwezi wa pili?"